Treni ya mezani inakufa mwendo kona ya mbali: nasema ni waya, si uchafu wa reli

#1 Taruma Kavu
Wakuu, habari za humu.

Meza ni ya HO, kipimo 1:87, reli zenye upana wa milimita 16.5. Ukubwa ni mita 3.6 kwa 1.2, plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao za mbili kwa mbili. Njia ni mzunguko mmoja wa kama mita 8.2, reli za kukunja za Code 100 (kimo cha milimita 2.5), vipande vya sentimita 91.4, na pointi 3 (pale njia inapogawanyika) zote upande wa stesheni. Umeme ni DC, kontrola ya kizamani ya volti 12, ampea 1. Unaingia sehemu moja tu, hapo stesheni, kwa waya wa kengele wa milimita mraba 0.2, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi.

Kinachotokea: treni ya kichwa kimoja na mabehewa 5 inatoka stesheni vizuri. Ikiingia kona ya mbali inakufa mwendo, inajikongoja mpaka imalize kona, halafu inachangamka kadiri inavyokaribia stesheni. Kontrola haijaguswa.

Vipimo: bila treni, volti 9.0 pale kontrola na 9.0 kona ya mbali. Treni ikiwa kona ya mbali, reli za palepale zinasoma 7.0.

Ushauri wa kila mtu ni safisha reli. Zimefutwa kwa isopropili mara mbili, na magurudumu pia, hakuna kilichobadilika. Hoja yangu: uchafu unakatakata umeme, treni inashtuka na taa zinapepesa. Hapa haishtuki, inalegea tu pole pole. Huo ni ugonjwa wa waya. Anayepinga aje na vipimo.

#2 Solda Arobaini
Naunga mkono, ila tuhesabu kwanza.

Shaba ya 0.2 ina ukinzani wa kama omu 0.086 kwa mita. Mita 6 kwenda na kurudi ni omu 0.5. Reli zetu ni nikeli-silva, ambayo pamoja na jina lake haina fedha ndani. Ni shaba, nikeli na zinki, na inapitisha umeme vibaya sana ukilinganisha na shaba tupu. Code 100 weka kama omu 0.13 kwa mita. Kona ya mbali iko mita 4 kutoka stesheni, lakini umeme unafika kwa kushoto na kulia, hivyo kila reli ni kama mita 2. Reli zote mbili: omu 0.5.

Jumla omu 1. Treni ya HO ikila ampea 0.5, unapoteza nusu volti. Wewe umepoteza volti 2. Volti 1.5 ziko wapi? Ziko kwenye fishpleti, vile vibati vya kuungia reli na reli. Fishpleti inashika reli kwa kubana tu, ikilegea au ikipata kutu ya kijani unabaki na mguso wa nukta moja. Mzunguko wako una vipande 9 pamoja na pointi, yaani kama viungo 12 kila reli.

Dawa: waya mkuu chini ya meza, na kila kipande cha reli kipate tawi lake. Fishpleti ibaki na kazi moja, kunyoosha reli.

#3 Kilometa Sifuri
Mkuu usiteseke na mambo ya mwaka 47. Hamia DCC, mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali. Reli zinakuwa na volti kama 15 muda wote, dekoda ndani ya kichwa ndiyo inaamua mwendo. Tatizo limekwisha.

#4 Solda Arobaini
Kilometa, kila uzi wewe unakuja na DCC! Haiponyi waya mbovu, inauficha tu. Kibaya zaidi, stesheni ya amri ya ampea 5 inategemea shoti ionekane waziwazi ili ikate. Kama kuna omu 2 njiani, volti 15 gawa kwa 2 ni ampea 7 na ushei, na hapo bado hujajumlisha waya wa tawi. Ukienda kwenye omu 4 unapata chini ya ampea 4. Stesheni haikati, inaendelea kusukuma umeme kwenye shoti, gurudumu linachemka na behewa la plastiki linayeyuka mahali lilipoanguka.

Ndiyo maana kuna kipimo cha sarafu: chukua sarafu, laza juu ya reli zote mbili kila baada ya nusu mita. Kila mahali stesheni lazima ikate papo hapo. Pasipokata, ongeza tawi.

#5 Kilometa Sifuri
Hapo nakubali, sarafu ni lazima. Lakini sijasema asiweke waya.

#6 Binti Bandari
Kabla ya waya, uliza meza iko wapi. Pwani, plaiwudi isiyopakwa rangi inakunywa unyevu wa masika na kurudisha kiangazi. Meza ya mita 3.6 ikibadilika sehemu 1 tu kwa 1000, ni milimita 3.6. Hizo zinakwenda kwenye viungo. Masika mbao zikitanuka nafasi zinafunguka, fishpleti inavutwa na kulegea. Zikikauka reli zinasukumana na njia inapinda kama nyoka. Kiungo kilichochezacheza hivyo misimu miwili hakibani tena hata ukikifuta.

Paka rangi ya mafuta au vanishi pande zote mbili na kingo za plaiwudi kabla ya kupigilia reli. Kingo ndizo zinazokunywa maji zaidi, na ndizo watu wanaziacha.

MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, usiiguse kabisa ukiwa Tanga au Lamu. Ikivimba hairudi.

#7 Mpingo wa Voi
Habari zenu. Mimi napinga hoja ya #1 na hesabu ya #2 kwa pamoja.

Mmepima kontrola bila mzigo. Kontrola za kizamani nyingi ni ukinzani wa kuzungusha uliounganishwa mfululizo na njia. Treni ikivuta zaidi, volti zinashuka ndani ya kontrola yenyewe kabla hazijafika hata kwenye waya. Swali linalofuata: kwa nini ivute zaidi kona ya mbali? Kwa sababu ni kona. Upana wa meza 1.2 unakupa nusu kipenyo cha kama sentimita 55 ukibana hadi ukingoni. Reli za kukunja zikikunjwa kwa mkono bila kiolezo hazitoi kona moja: mwanzo inakuwa legevu, katikati inabana. Mabehewa 5 marefu, kingo za magurudumu zinasugua, mzigo unapanda.

Kwa hiyo nataka namba nne: volti pale kwenye vituo vya kontrola na ampea, treni ikiwa stesheni, kisha ikiwa kona ya mbali.

#8 Taruma Kavu
Asante Mpingo. Mita imeunganishwa mfululizo kwenye waya mwekundu, kipimo cha ampea 10.

Treni stesheni: kontrola volti 8.5, reli 8.2, ampea 0.5.
Treni kona ya mbali: kontrola 8.2, reli 7.0, ampea 0.8.

#9 Mpingo wa Voi
Umeona? Mzigo umepanda kutoka 0.5 hadi 0.8. Waya haupandishi mzigo. Umeme ukipungua, mota kwenye njia ileile iliyonyooka haivuti zaidi. Kuna kitu kinaishika treni pale.

Kontrola nayo: 9.0 hadi 8.5 kwa nusu ampea, 9.0 hadi 8.2 kwa 0.8. Omu 1 kamili ndani yake.

#10 Solda Arobaini
Sawa, nasahihisha #2. Kati ya kontrola na kona ya mbali zinapotea volti 1.2 kwa ampea 0.8, yaani omu 1.5. Toa 0.5 ya waya wa kengele, toa 0.5 ya reli, imebaki nusu omu tu ya viungo vyote. Si mbaya nilivyodhani.

Lakini hoja haijaanguka. Katika volti 2 zilizopotea, 1.2 ziko njiani na 0.8 ziko kwenye kontrola. Njia bado ina deni kubwa zaidi.

#11 Fundi Njia
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu pointi? Umeme unaingia stesheni, na pointi 3 ziko stesheni. Maana yake umeme wa kwenda kona ya mbali lazima upite kwenye ulimi wa pointi (kile kireli kinachotembea pointi ikigeuzwa), na ulimi unapata umeme kwa kugusa reli ya pembeni kwa ncha tu, au kupitia kijiriveti pale unapojikunja. Vumbi kidogo au rangi ya kuzeesha reli ikipita hapo, kwisha.

Fanya hivi kwa kila pointi ambayo bado hujaipigilia:

Igeuze chali. Tafuta waya za kiwandani chini yake. Unganisha kila ulimi na reli yake ya pembeni kwa kipande cha waya mwembamba, kilehemiwe upande wa nyuma karibu na maungio, kisizuie ulimi kutembea. Kama moyo wa pointi (pale reli mbili za ndani zinapokutana) ni wa chuma, kwanza kata waya za kiwandani zinazounganisha moyo na ndimi, kisha weka fishpleti za plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye moyo. Lehemu waya mmoja kwenye moyo, upeleke kwenye swichi ya njia mbili inayogeuka pamoja na pointi: upande mmoja reli nyekundu, upande mwingine reli nyeusi. Ukisahau kukata waya za kiwandani utapata shoti muda wote na utalaumu mota.

#12 Mbeya hadi Göppingen
Fundi, Wajerumani nao wanaita sehemu hiyo moyo, Herzstück. Naona tumekutana.

Huku wanaotumia Märklin hawana shida hii ya moyo, kwa kuwa reli mbili za pembeni ni pande moja ya umeme na upande wa pili ni vidoti katikati ya mataruma, kichwa kinavipapasa kwa kiatu kirefu chini yake. Hata ukitengeneza kitanzi cha kurudisha treni ilikotoka hakuna shoti. Ila kiatu kikilika kinakwaruza.

Tahadhari kwa mnaonunua transfoma za zamani za Ulaya: za enzi za volti 220, ukizichomeka kwenye 230 au 240 zinatoa zaidi ya zilivyoandikwa. Ile kofi ya volti 24 ya kugeuza mwelekeo kwenye Märklin ya zamani inapanda, na dekoda za leo zinaungua. Na transfoma ya Marekani ya volti 120 usiichomeke kabisa ukutani kwetu.

#13 Garatti59
Nadandia: kuna mtu anajenga reli ya kwetu? Duara la HO la dukani ni SGR tosha, maana 1435 gawa kwa 87 ni 16.5. Lakini reli ya zamani ya mita moja ni 1000 gawa kwa 87, yaani 11.5, kwa hiyo unatumia reli ya milimita 12, wanaiita HOm.

#14 Kilometa Sifuri
Na TAZARA pia mita moja, kwa hiyo HOm inafaa zote.

#15 Fundi Njia
Hapana. TAZARA ni milimita 1067, ya kusini mwa Afrika. Ndiyo maana Kidatu mizigo inahamishwa kutoka behewa la reli moja kwenda la nyingine. Kwa TAZARA kuna njia safi zaidi: kipimo 1:120 juu ya reli ya N, aina ndogo kuliko HO, ya milimita 9. Tisa mara 120 ni 1080, umekosea milimita 13 tu. Unapata reli na mota za N ambazo ni nyingi sokoni, na miili ya mabehewa unajijengea kwa plastiki ya shiti.

#16 Garatti59
Hapo umenifungua macho mkuu, asante. Mimi lengo ni garatti, vichwa vya mvuke vya daraja (class) la 59 la East African Railways. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock, tani 252, majina ya milima. Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Kwa 1:87 inafika kama sentimita 36. Kwa urefu huo watu wanaogopa kona, lakini garatti inajikunja sehemu mbili, tangi la mbele na tangi la nyuma kila moja na magurudumu yake, bila kusumbuliwa na boila. Kinachogusa ukuta wa handaki ni tumbo la boila katikati ya kona, linaingia upande wa ndani. Pima hapo kabla ya kuweka nguzo.

#17 Mpingo wa Voi
Turudi kwa Taruma. Kipimo cha bure kabisa: hamisha waya za kontrola, zichomeke kona ya mbali. Usiguse kingine. Ulegevu ukihamia stesheni, ni umeme. Ukibaki kona ya mbali, ni njia yenyewe.

#18 Taruma Kavu
Zimehamishwa, waya uleule. Treni sasa inalegea ikiwa stesheni, reli zinasoma 7.6. Kona ya mbali mwendo umepanda lakini si kamili. Bado ampea 0.8, kontrola 8.2, reli 7.8.

#19 Solda Arobaini
Ulegevu umehama. Ni umeme.

#20 Mpingo wa Voi
Na mzigo haujahama. Ampea 0.8 palepale. Ni njia.

#21 Binti Bandari
Na kinachopindisha njia pale ni nini? Weka pima maji juu ya reli kona ya mbali, kwa urefu na kwa upana. Plaiwudi ya 9 inahitaji mbao ya kuishikilia kila sentimita 40 hivi. Fremu ikiwa na nafasi ya 60 au zaidi, unyevu unailaza katikati kama kitanda cha kamba. Treni inashuka kwenye shimo na kupanda kutoka shimoni. Mteremko wa milimita 10 kwa nusu mita ni asilimia 2, na asilimia 2 pamoja na kona kali ni mzigo mkubwa kwa mabehewa 5.

#22 Fundi Njia
Binti kanena. Ongezea na upana wa reli zenyewe. Reli za kukunja zikibanwa kwa misumari midogo katikati ya taruma, msumari ukizidi kupigwa unalibonyeza taruma likawa kama upinde, reli zinainama kwa ndani na upana unapungua. Kipimo cha NMRA (chama cha Marekani cha reli za mfano) au hata kaliba ya kawaida kinatosha: ikisoma 16.2 badala ya 16.5, magurudumu yanabanwa. Inua msumari nusu milimita tu.

#23 Solda Arobaini
Tusije tukamsahau mtu wa waya. Hata kama Mpingo ana haki, kazi ya waya itafanyika. Kwa meza hii:

Waya mkuu jozi moja, 1.5, ule wa taa za nyumba. Mita 4 kwenda na mita 4 kurudi ni omu 0.09 tu. Watu wanakimbilia 2.5 wa soketi; huo uweke kama una DCC ya ampea 5, kwa ampea 1 ni kubeba shaba bure. Nyekundu kwa reli ya nje, nyeusi kwa reli ya ndani, mzunguko mzima, bila ubishi. Bandika karatasi ya gundi juu ya taruma ukiandika rangi kabla hujaingia chini ya meza, kwa sababu ukiwa umelala chali kushoto kunakuwa kulia.

Matawi: waya wa 0.5, sentimita 20 hadi 30 usizidi. Toboa tundu la milimita 3 kando ya reli, upande usioonekana na mtazamaji. Menya milimita 6, pinda ncha kwa pembe ya L. Sugua ubavu wa reli kwa ncha ya kisu hadi ing'ae, paka rosini. Solda ya wati 40 au 60, iwe imepata moto kweli, risasi ya 60/40 yenye rosini. Weka risasi kwanza kwenye waya, weka kidogo kwenye reli, kisha vikutanishe na uguse sekunde 2. Ukifika sekunde 5 taruma limeyeyuka na upana wa reli umeharibika. Kulia na kushoto pa mahali unapolehemu laza tishu iliyoloa.

Ile asidi ya mafundi bomba iache huko huko. Inashika haraka na inaendelea kula shaba ukishaondoka.

#24 Mbeya hadi Göppingen
Sekunde 2 kwa solda ya wati 25 hazitoshi, na hapo ndipo watu wanapoyeyusha mataruma. Solda dhaifu inakaa muda mrefu, joto linatembea kwenye reli. Bora kubwa na haraka.

#25 Kilometa Sifuri
Kwa nini asilehemu fishpleti zote tu, akaokoa matawi?

#26 Solda Arobaini
Kwenye kona, lehemu. Inasaidia reli za kukunja zisivunjike pembe kwenye kiungo. Unganisha vipande viwili vikiwa vimenyooka, lehemu, ndipo ukunje pamoja. Kwenye sehemu iliyonyooka acha kiungo kimoja kila mita bila lehemu, nafasi ya nusu milimita.

#27 Binti Bandari
Nusu milimita kwa joto, sawa. Reli ya sentimita 91 ikipanda nyuzi 15 inarefuka kama robo milimita. Lakini narudia, adui hapa ni mbao. Ukipigilia njia masika, mbao zimeshatanuka. Acha milimita 1, kwa sababu zikikauka zitasogeza reli zikutane. Ukipigilia kiangazi, nusu inatosha.

#28 Mpingo wa Voi
Binti, kwa Nairobi au Dodoma hesabu yako haiendi hivyo. Huku joto la mchana chini ya bati ndilo linalopindisha.

#29 Binti Bandari
Bati lisilo na dari, nakubali. Nyumba yenye dari, siamini.

#30 Garatti59
Kuhusu usafi alioutaja #1: kuna wanaosema isopropili inaacha uchafu mweusi urudi haraka, na kwamba mafuta ya taa yaliyopakwa kidogo sana kwa kitambaa, kisha yakafutwa yakauka, yanachelewesha weusi.

#31 Fundi Njia
Mafuta ya taa yanafanya kazi kwa wengi, lakini pale yanapobaki magurudumu yanateleza na yale ya mpira yanavimba. Na kati ya gurudumu na reli kuna cheche ndogo muda wote. Usimwage, usiwashe treni kabla hayajakauka. Msasa ndio mbaya kuliko vyote: kila mkwaruzo ni mtaro wa kuhifadhi weusi.

#32 Kilometa Sifuri
Swali nje kidogo. Pointi zangu ni za koili. Moja imeungua, kitufe kilishikiliwa sekunde kadhaa.

#33 Solda Arobaini
Koili inataka kofi, haitaki kusukumwa. Weka kapasita kati: transfoma ya volti 16 AC, dayodi moja, ukinzani wa omu 100 wa wati 5, kapasita ya mikrofaradi 4700. Kapasita iwe ya volti 35, kwa kuwa 16 AC ikinyooshwa inafika 22, na ya volti 16 itapasuka. Ukibonyeza, chaji yote inatoka mara moja. Ukishikilia kinachobaki ni kamkondo kadogo kasikoweza kuunguza.

#34 Mbeya hadi Göppingen
Au servo (kimota kinachogeuka kwa amri) ndogo ya SG90 chini ya meza, volti 5. Ulimi wa HO unatembea milimita 2 hadi 3 tu, hivyo waya wa chuma wa milimita 0.8 kama chemchemi unatosha. Shida yake: ukiwasha umeme inaruka kabla haijapata amri, inaweza kugeuza pointi chini ya treni. Programu ianze kwa kutuma amri ya pale ilipokuwa mara ya mwisho, ndipo umeme wa servo uwashwe kwa rilei.

#35 Fundi Njia
Taruma, ukitaka kumaliza ubishi wa Solda na Mpingo, itoe treni kabisa. Tafuta balbu ya gari ya volti 12 wati 5, ile ya taa ndogo. Lehemu waya mbili, weka klipu za mamba. Inakula kama ampea 0.4, na hailijui neno kona. Ibane stesheni, soma volti za reli. Ibane kona ya mbali, soma tena. Tofauti utakayoipata ni ya njia tupu. Kisha, balbu ikiwa inawaka kona ya mbali, weka mita kwenye milivolti, ncha moja reli ya huku ya kiungo na nyingine reli ya kule. Kiungo kizima kinasoma milivolti chache. Kikisoma 50 au zaidi, umekipata.

#36 Solda Arobaini
Nyongeza muhimu: ni mzunguko. Kiungo kibovu cha kushoto kinaufanya umeme upite kulia, na chenyewe kitasoma milivolti ndogo kwa sababu hakuna umeme unaokipitia. Utakiita kizima. Toa kwanza fishpleti za reli zote mbili jirani na balbu, upande wa kulia, upime wa kushoto wote. Kisha zirudishe na utoe za kushoto, upime wa kulia.

#37 Fundi Njia
Kweli kabisa, hilo lilinipita. Fuateni ya #36.

#38 Taruma Kavu
Imefanyika hivyo, kontrola imewekwa 9.0 bila mzigo, waya zimerudishwa stesheni. Viungo vya kushoto vyote chini ya milivolti 10, isipokuwa kimoja, 140, mara tu baada ya pointi ya pili. Upande wa kulia: viwili, 60 na 85. Ulimi wa pointi ya kwanza unasoma 30 ukibanwa kwa kidole, 110 ukiachwa.

Pima maji: kona ya mbali imelala milimita 4 katikati ya mbao mbili zilizoachana sentimita 58. Upana wa reli 16.4 karibu kona yote, sehemu moja 16.2.

#39 Fundi Njia
110 kwenye ulimi! Nilisema.

#40 Mpingo wa Voi
Na milimita 4, na 16.2. Nilisema.

#41 Solda Arobaini
Weka matawi kwanza, halafu pima ampea kona ya mbali kabla hujagusa msumari wala mbao. Ukianza na mbao hatutajua kamwe nani alikuwa na haki.

#42 Binti Bandari
Weka mbao ya tatu chini ya ile kona kwanza. Ukishalehemu matawi halafu ukainua plaiwudi milimita 4, utavuta kila ulicholehemu.